Kengele ya Shule na Deraya ya Chuma: Mhadhara Usioombwa na Mtu

Imethibitika, kwa uchunguzi uliofanywa na Mtaalamu peke yake na kupitishwa na Mtaalamu peke yake bila kura hata moja ya kupinga, kwamba historia ya koloni la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, haieleweki kwa mtu ambaye hajaketi chini akamsikiliza Mtaalamu. Nadharia yake, ambayo wanahistoria wa kawaida wameikosa kwa kuwa wanapoteza muda wao kwenye ushahidi, inasema kwamba shule ya serikali na jambazi wa msituni ni mapacha waliozaliwa usiku mmoja: mmoja akapewa chaki, mwingine bastola, na wote wawili wakaishia kumtajirisha mwenye jumba la sinema.

Msingi wa nadharia hiyo ni Sheria ya Elimu ya 1872, iliyofanya masomo yawe ya bure, ya lazima kwa watoto wa miaka 6 hadi 15, na yasiyofungamana na dini. Kutofungamana na dini hakukuwa na maana ya kumkana Mungu, bali kwamba mwalimu wa serikali hakuruhusiwa kufundisha dini katika saa za masomo. Maaskofu wa Kikatoliki, ambao waumini wao wengi walikuwa na asili ya Ayalandi, waliipinga sheria hiyo, na ruzuku ya serikali ilipokatwa wakaendesha shule zao kwa sadaka za watu wasio na kitu. Katika ugomvi huo Mtaalamu ameona chimbuko la Ned Kelly, jambazi mashuhuri kuliko wote wa nchi ile. Kwamba Kelly, mtoto wa Muayalandi aliyeletwa huko akiwa mfungwa, aliacha shule ya Avenel baba yake alipofariki mwaka 1866, yaani miaka 6 kabla ya sheria yenyewe kutungwa, ni jambo dogo ambalo Mtaalamu amelitazama kwa jicho la huruma na kulipita.

Asiyefunzwa na mamaye, husema Mtaalamu huku akiinua kidole, hufunzwa na ulimwengu. Na kwa bahati nzuri ya methali hiyo, mama yake Kelly, Ellen, alihukumiwa kifungo cha miaka 3 mwezi Oktoba 1878, mwezi uleule ambao mwanawe na wenzake 3 waliwaua polisi 3 kwenye kijito cha Stringybark. Bunge la koloni likawatangaza kuwa nje ya sheria, hali ambayo maana yake ilikuwa kwamba sheria ilimwondolea mtu ulinzi wake wote, hata raia akimpiga risasi hakuwa na kesi ya kujibu. Zawadi ya kuwakamata ikapanda hadi pauni 8,000. Kelly naye akajibu kwa kalamu: mwaka 1879, alipovamia mji wa Jerilderie na kuipora benki, aliacha barua ya maneno yapata 8,000, iliyoandikwa na mwenzake Joe Byrne kwa imla yake, akieleza madhila ya jamaa zake na kuwatukana polisi kwa ufundi ambao, kwa maoni ya Mtaalamu, ulistahili alama za juu katika insha na fimbo katika adabu.

Hatimaye mhadhara unafika kijiji cha Glenrowan, Juni 1880, mahali ambapo nadharia hukutana na reli. Genge lilikuwa limeng'oa mataruma ili treni ya polisi ianguke, na limewafungia wanakijiji hotelini. Kelly alikuwa na deraya, yaani vazi la chuma la kuzuia risasi, lililofuliwa kutokana na chuma cha plau na kufikia uzito wa kilo zipatazo 44. Vazi hilo lilikinga kichwa, kifua na mgongo, na kuiacha miguu wazi, na polisi wakaipiga miguu. Mtaalamu ana kurasa 90 juu ya deraya hiyo, ambamo anathibitisha kwamba aliyeacha shule mapema hujua kujumlisha bila kujua kuhakiki jibu.

Kelly alinyongwa Melbourne tarehe 11 Novemba 1880, kisha akaanza kazi yake ya kudumu. Vizazi vilivyofundishwa kusoma na sheria ya 1872 ndivyo vilivyonunua vijitabu na tiketi za maigizo juu yake. Mwaka 1906 ikatoka filamu The Story of the Kelly Gang, iliyozidi saa moja na ambayo huhesabiwa kuwa filamu ya kwanza ndefu ya hadithi duniani. Mwaka 1912 serikali ya Victoria ikapiga marufuku filamu za majambazi, jambo ambalo halikumpunguzia hata chembe ya sifa. Mwaka 1970 mwimbaji Mick Jagger akavaa mfano wa deraya yake mbele ya kamera. Na mwaka 2000 mifano ya kofia yake ya chuma ikaonekana katika ufunguzi wa Olimpiki ya Sydney. Serikali iliwafundisha watu kusoma, nao wakachagua wenyewe cha kusoma, na katika sentensi hii moja Mtaalamu amesema kweli bila kukusudia.

Amesahau kitu kimoja tu, na kitu hicho kimo katika tanbihi yake ya 212 chini ya maneno "mwalimu fulani". Usiku ule wa Glenrowan, Thomas Curnow, mwalimu wa shule ya serikali ya kijiji, mtu mwenye ulemavu wa mguu, alimbembeleza Kelly amruhusu kumpeleka nyumbani mkewe mgonjwa. Kisha akatoka gizani na mshumaa na skafu nyekundu, akaushika mshumaa nyuma ya kitambaa hicho kando ya reli, na treni iliyojaa watu ikasimama. Alipewa pauni 550 za zawadi, akalalamika, zikaongezwa hadi 1,000, akaihama Glenrowan kwa hofu na kuendelea kufundisha huko Ballarat. Jina la jambazi liko kwenye mabango ya sinema. Jina la mwalimu msomaji ndio kwanza amelisoma.