Kobe wa Mjomba na Mkanda wa Corolla

Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, Mjomba hufanya mambo matatu. Kwanza hugeuza kioo cha ndani akachana ndevu. Kisha hukigeuza tena kimwonyeshe nani kakaa kiti cha nyuma na anakula nini. Mwisho huvuta kiti mbele kwa kishindo: pini ya reli ikikamata, alhamdulillahi, isipokamata, bismillahi, safari inaanza vivyo hivyo. Kuangalia magari yanayokuja nyuma hakumo katika utaratibu huo. Ukimuuliza, anajibu kwamba nyuma ameshapita.

Gari lenyewe ni Volkswagen kobe la mwaka 1963, rangi ya chai iliyozidi maziwa, nguvu farasi 34, injini nyuma, tangi la mafuta mbele, karibu kabisa na magoti ya abiria. Linalala Ngamiani, Tanga, chini ya mwembe, na kila embe linalodondoka limeacha saini yake kwenye bati. Mpwa wake, ambaye ndiye aliyeandika makala haya, ataitwa mpwa tu humu ndani, ili aibu ya safari inayosimuliwa igawanywe kwa haki.

Safari ilikuwa ya harusi Lushoto. Waliopanda ni Mjomba, mpwa wake pembeni, na nyuma dada mtu, ambaye kwa mpwa ni Mama Mkubwa, pamoja na kapu la mchele, chupa ya chai na beseni la maandazi lililofunikwa kanga.

Juma moja kabla, Mjomba alikuwa amepeleka viti kwa fundi wa makochi. Viti vya kobe wa zamani ni springi za chuma zilizotandikwa mkeka wa makumbi ya nazi na singa za farasi, ukagandishwa kwa mpira. Mtu wa Tanga akikalia kiti hicho hajisikii mgeni, amekalia mnazi wa kwao. Lakini miaka sitini imeyasaga makumbi yakawa vumbi, na dereva alikuwa amezama mpaka anaonekana kofia tu. Fundi akaweka sponji nene, la kitanda. Mjomba akapanda juu kama sultani. Kofia ikagusa paa, mapaja yakabanwa na usukani, na kioo cha ndani, kilichowekwa kwa ajili ya mtu aliyezama, sasa kikawa kinamwonyesha beseni la maandazi peke yake.

Hapo ndipo wengi wenye magari ya zamani wanapokosea. Ukibadilisha kimo cha kiti, kila kioo ulichokipanga kimeshaharibika. Kiti kwanza, vioo baadaye, mkanda mwisho. Na kiti hakipangwi kwa macho, hupangwa kwa miguu: unakanyaga klachi mpaka mwisho, goti linabaki limekunjika kidogo, unaegemea mgongo wote, unanyoosha mkono, kifundo kinafika juu ya usukani bila bega kubanduka. Mjomba haegemei. Huendesha kifua kikiusikiliza usukani, na usukani wa 1963 si wa kuusikiliza kwa karibu, maana fimbo yake ni chuma kimoja kutoka mbele ya gari hadi mbavuni. Ile inayojikunja ikipigwa ilikuja kwenye kobe mwishoni mwa miaka ya 1960. Ya kwake haijikunji hata siku ya sikukuu.

Karibu na Muheza, bodaboda iliyobeba kreti za soda ikapita upande wa kushoto, na Mjomba alikuwa anaelekea hukohuko.

"Mbona hukuniambia?" akamfokea mpwa.

Swali la haki, kwa kuwa kushoto hakuna kioo. Magari mengi ya umri huo yaliuzwa na kioo kimoja cha nje, cha dereva, na wengine hata hicho walikilipia zaidi. Kwa hiyo abiria wa mbele ndiye saitimira ya kushoto. Kazi yake ni ya konda, bila posho: kutoa kichwa na kuimba "kushoto safi" au "kushoto subiri". Mpwa alikuwa amelala.

Kile kioo cha kulia nacho kina tabia yake. Kwenye kobe wa miaka ile, mkono wa kioo umechomekwa kwenye bawaba ya juu ya mlango, ndani ya kile kipini kinachoshika mlango. Ukifungua mlango, kioo nacho kinayumba. Mkono ukilegea, kila ukifunga mlango kwa nguvu kioo kinageuka kidogo, kidogo, mpaka siku moja unaangalia nyuma unakuta sikio lako. Mjomba hufunga mlango kama anayefunga duka lenye deni. Walipofika Muheza kioo kilikuwa kinaonyesha mawingu, mazuri sana. Walipotoka Muheza kikadondoka.

Mama Mkubwa akafungua mkoba, akatoa kioo chake cha wanja, akakinyoosha kupitia dirisha la dereva. "Lori linakuja, mdogo wangu. Lina maandishi. Ngoja niyasome."

Alidhani amevumbua. Mwaka 1909 Mwingereza Dorothy Levitt, aliyekuwa bingwa wa mbio za magari, aliandika kitabu cha kuwafundisha wanawake udereva, akawashauri wabebe kioo kidogo cha mkononi na kukiinua mara kwa mara waone kinachokuja nyuma. Miaka miwili baadaye, huko Indianapolis, Marekani, Ray Harroun aliingia kwenye mbio za maili 500 na gari la Marmon lenye kiti kimoja. Wenzake walibeba fundi wa kuwaambia nani yuko nyuma, wakalalamika kwamba yeye ni hatari kwa kuwa hana fundi. Akafunga kioo mbele yake, akashinda. Baadaye alikiri kwamba barabara ya matofali ilikitikisa kioo kile kiasi kwamba hakuona kitu. Mpwa akatazama mkono wa Mama Mkubwa ukirukaruka nje ya dirisha, na kwa mara ya kwanza akamwelewa Harroun.

Baada ya Segera, trafiki akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mkanda, mzee."

Mjomba alikuwa na jibu lake la miaka yote, akalitoa kwa utulivu wa mtu anayetoa risiti. "Afande, gari hili limezaliwa kabla ya mkanda. Utamdai babu yako kitambulisho cha taifa cha mwaka arobaini na saba?"

Trafiki akacheka. Akalizunguka gari, akaligusa mgongo, akauliza kama linauzwa. Mambo yalikuwa yanaelekea kwisha vizuri kabisa, mpaka mpwa, kwa ile elimu isiyomsaidia mtu, akasema: "Mjomba, mkanda ni wa 1959. Umelizidi gari miaka minne."

Kukawa kimya. Faini ikaandikwa shilingi 30,000, na kutoka hapo hadi Mombo hakuna aliyezungumza isipokuwa injini.

Lakini ni kweli. Mkanda huu tunaoujua, unaopita begani na kiunoni na kufungwa kwa mkono mmoja, ulibuniwa na Msweden Nils Bohlin. Kabla ya kuajiriwa na Volvo alikuwa Saab, akitengeneza viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka. Yaani mtu aliyekuwa akilipwa kumtoa mtu kitini kwa mlipuko ndiye aliyekuja kumfunga asitoke. Gari la kwanza lenye mkanda huo lilikabidhiwa kwa muuzaji wa mji wa Kristianstad tarehe 13 Agosti 1959, na Volvo ikaiacha hataza wazi, kila kiwanda kitumie. Kobe la Mjomba liliuzwa bila mkanda kwa sababu wakati huo sehemu kubwa ya dunia haikuwa na sheria ya kuudai, na mnunuzi wa Tanga hakuuliza.

Kinachomuuma Mjomba zaidi ni Safari Rally. Yeye ni mtu wa Safari. Atakuhesabia namna Volkswagen ilivyotawala miaka ya mwanzo, na jinsi Tommy Fjastad alivyoshinda na kobe mwaka 1962, mwaka mmoja tu kabla ya kuzaliwa gari lake. Na atakwambia, macho yaking'aa, kuhusu Joginder Singh na nduguye Jaswant, walioshinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Mpwa alisubiri wakafika Mombo, wakanywa chai, ndipo akamwambia taratibu kwamba PV544 ni miongoni mwa aina mbili za gari zilizowekewa mkanda wa Bohlin kwanza. Mjomba akaweka kikombe chini. Singh alikuwa hoja nzito kuliko trafiki.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwenye kona mojawapo, gia ya pili, injini ikilia, Mjomba akakanyaga klachi kwa nguvu. Pini ya reli, ile ya bismillahi, ikaachia. Kiti kikarudi nyuma chote na Mjomba juu yake. Mikono imeng'ang'ania usukani, miguu inatafuta pedali hewani, na Mama Mkubwa magoti yake yamepokea kiti, sponji na mdogo wake kwa pamoja. Mpwa alivuta breki ya mkono. Gari likazima katikati ya njia, na basi dogo lililokuwa nyuma likawapigia honi ndefu. Hakuna aliyekuwa ameliona; kioo cha wanja kilikuwa kimeanguka chini ya miguu.

Ikaja harufu.

"Maandazi yanaungua," akasema Mjomba, akijivuta mbele.

"Yameshapikwa jana," akajibu Mama Mkubwa. "Ninayeungua ni mimi."

Betri ya kobe inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Lazima ifunikwe, kwa sababu uzito ukizidi, springi za kiti hushuka na kugusa vichwa vya betri, chuma kinapata moto, na juu yake kuna makumbi na singa kavu ya miaka sitini. Kifuniko cha Mjomba kilipotea zamani. Kishindo cha kiti cha mbele, Mama Mkubwa na kapu la mchele vilitosha. Wakamtoa, wakanyanyua kiti kizima wakakitupa kando ya barabara, na mwenyewe akalimwagia lile shimo dogo la moshi chai ya maziwa yote iliyokuwa kwenye chupa. Harusini alifika na baibui lenye tundu la ukubwa wa sahani ya kikombe. Hajamsamehe mtu mpaka leo.

Kurudi Tanga, Mjomba akanunua mkanda. Ulitoka kwenye Corolla iliyokuwa ikikatwakatwa kwa spea, na hilo peke yake ni kosa: mkanda uliowahi kushika mtu kwenye ajali nyuzi zake zimeshavutika, na muuza spea hana kumbukumbu za nani alikuwa ndani. Fundi wa kwanza akaufunga kwa skrubu za bati sakafuni na ncha moja kwenye kiti. Mpwa akauvuta kwa mkono mmoja tu. Ukaja, na kutu ya kujaza kiganja. Gari likigonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa, mtu wa kilo 70 huuvuta mkanda kwa nguvu ipitayo uzito wa tani moja, na kiti chenyewe, kama Lushoto ilivyoonyesha, kilikuwa kinashikwa na pini moja iliyochoka.

Fundi wa pili alikuwa mzee asiye na maneno. Alikataa ule mkanda, akaagiza mpya. Akatengeneza reli na pini kabla ya kugusa kingine chochote. Akachomea vipande vya bamba nene kwenye nguzo ya mlango na sakafuni, akafunga bolti za inchi 7/16, ambazo ndizo bolti za mikanda. Alipokea ushauri wa Mjomba mara moja tu, kuhusu pembe ya kifaa kinachozungusha mkanda, na akajuta: kifaa kile kina mizani ndani, kikilala vibaya kinadhani gari linapinduka, kinakaba. Ijumaa ile Mjomba alibaki amekabwa nje ya msikiti huku waumini wakimsalimia dirishani mmoja mmoja. Jumamosi pembe ikarekebishwa.

Sasa anafunga. Mwanzoni aliupitisha chini ya kwapa usikunje kanzu, na kiunoni akaulaza juu ya tumbo. Mama Mkubwa ndiye aliyemrekebisha: begani juu ya mtulinga, chini kwenye mifupa ya nyonga, kwa kuwa mfupa unavumilia na tumbo halivumilii. Sponji limepunguzwa nusu. Betri imefunikwa. Egemeo la kiti bado halina kufuli, kama makobe yote ya rika lake, kwa hiyo nyuma yake hakipakiwi kizito. Vitulizo vya kichwa hakuna. Hilo limeachwa kwa Mungu na mwendo wa kilomita 60.

Kioo cha kulia kimepatikana. Cha kushoto bado, na mpwa amechoka kuimba. Msomaji mwenye mkono wa kioo cha bawaba, wa kobe la kabla ya 1968, mlango wa kushoto, asiuuze kwa bei ya chuma chakavu. Mjomba yupo, ananunua.