Barabara Haina Mwili

Eh ndugu yangu, kaa hapo kwenye kibao nikuambie. Mpwa wangu amenitia kwenye mambo ya kuchora nivo. Zile nivo za michezo ya video, mahali mtu anaruka, anakufa, anafufuka. Anasema siku hizi kila mtu anajitengenezea, programu ni za bure, hata mtoto wa shule ya msingi anaweza. Hilo neno la mtoto ndilo lililonikamata. Bon, nikasema na mimi nitaijenga Bunia, mji wetu: motari anapakia mteja soko kuu, anashika Boulevard de la Libération, anamfikisha Mudzi-Pela bila kumwangusha. Raha sana. Kichwani.

Mashini yenyewe ni okazio, imetumiwa na sijui nani kule Kampala. Vibonye vimeandikwa kwa mpango wa Waingereza, QWERTY. Ndani fundi akaiweka ya Wafaransa, AZERTY, juu tuko Wakongo. Sasa wewe mtu mzima unabonyeza A, inatoka Q. Unatafuta M, unapewa koma. Ramani niliiandika Bunia, ikajiita Buniq. Mpaka leo ni Buniq. Nimezoea. Kijana akasema, "Tonton, ukiharibu bonyeza Ctrl na Z, inarudi nyuma." Nikabonyeza Z ninayoiona kwa macho yangu. Mashini ikasoma W. Na Ctrl na W kazi yake ni kufunga! Ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, nikakubali kwa heshima. Mudzi-Pela yote ikaenda.

Nikaanza upya. Miraba, miraba, miraba. Unachukua kipande cha barabara, unabandika. Cha nyasi, unabandika. Theluji ipo, vumbi letu hakuna. Halafu kuna matabaka: barabara na lake, miti na lake. Nafuta mti, haufutiki, nafuta kwa hasira, kidole kinauma. Kumbe niko tabaka la mawingu, nafuta mawingu ambayo sijayachora. Kijana anacheka tu.

Nikilalamika ananitolea Lual Mayen. Huyo ni wa Sudan Kusini, alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, hapo tu ng'ambo. Mama yake alijinyima miaka 3, akakusanya dola 300, akamnunulia laptop. Jamaa alikuwa anatembea masaa 3 kwenda kuichaji. Akajifunza mwenyewe, akatengeneza mchezo unaitwa Salaam, akafungua kampuni Marekani. Sasa nijibu nini? Mimi nachaji kwa jirani, na nikifika huko naomba kiti.

Jioni grupu la umeme la jirani likawaka, tukajaribu. Motari akatokea angani, akagusa Boulevard, akapita ndani yake. Akashuka. Akaendelea kushuka. Na mteja wake. Kijana akanieleza polepole, kama anaongea na mgonjwa: "Tonton, barabara umeichora tu. Hujaipa mwili." Eti kila kipande lazima ukiambie kuwa ni kigumu, bila hivyo mashini inaona picha tupu. Barabara iko kwenye karatasi, ukikanyaga unazama! Nikamwambia basi tuiache hivyo hivyo, ndiyo Bunia yenyewe. Akakataa.

Nikaipa mwili. Nikaongeza na mashimo, juu ya ukweli. Hapo akaniletea sheria ya Wajapani: Nintendo walipotoa Super Mario Maker mwaka 2015, walikataza mtu kutuma nivo yake kwa wengine mpaka aicheze mwenyewe hadi mwisho. Sheria tamu! Wenye kandarasi za barabara wangeipata, kila mmoja apite kwanza na moto yake, mvua ikinyesha. Lakini haikuwapata wao, ilinipata mimi. Shimo la kwanza, nimekufa. Shimo lile lile, nimekufa. Mama watoto amesimama mlangoni ananiangalia ninavyokufa.

Kikaja kile kidada cha mpwa, andazi mkono mmoja, kikabonyeza kwa mkono uliobaki, kikafika Mudzi-Pela bila hata kuketi. "Tonton, nani alitengeneza barabara mbaya hivi?"

Nikakiambia ni serikali.