Dakika Tano za Dalali

Dalali wa nyumba wa Mwanza hana dakika kumi. Chumba kiwe Mkuyuni, Igoma au kule juu kabisa Mabatini, vyote atakuambia ni dakika tano tu kutoka barabarani. Na wala hadanganyi. Ni dakika tano kwa anayeshuka.

Masharti yangu yalikuwa mawili: sokoni niende kwa mguu, na daladala isiwe safari. Gari sina, na nikiangalia bei ya mafuta sioni haja ya kuwa nalo. Jamaa zangu wa Dar es Salaam hunitambia mwendokasi wao, walionao tangu 2016, wenye njia yake peke yake. Mimi huwajibu kwamba katikati ya Mwanza mtu hauhitaji. Stesheni, ambako reli ilifika mwaka 1928, bandari, benki na sato wa kukaanga, vyote unavimaliza kwa miguu kabla jua halijakolea. Tabu ni kwamba katikati hakuna chumba cha mfuko wangu. Vya mfuko wangu viko juu ya mawe.

Maana ramani ya mji huu ilichorwa na mawe na ziwa. Binadamu alikuja baadaye kupenyeza barabara palipobaki upenyo. Kubwa ziko tatu: Makongoro inayokwenda uwanja wa ndege, Nyerere inayotoka kuelekea Musoma, na Kenyatta inayoteremka Nyegezi kuitafuta Shinyanga. Zote zinakutana mjini kama vidole kwenye kiganja. Kwa hiyo rafiki yako wa mlima wa pili unaweza kumwona anaanika nguo, hata rangi ya shuka ukaitambua, lakini ukitaka kumsalimia kwa daladala huenda ukashuka kwanza hadi mjini, ukabadilisha gari, ndipo ukapande kwake. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgeni wa pwani anafika tayari yuko juu, halafu anaambiwa apande.

Daladala zipo, tena tele, kama hujali umekaa na nani. Asubuhi moja nilibanwa kwenye Haisi na mama aliyetoka soko la Mwaloni, Kirumba, ana ndoo ya samaki magotini. Nilipojaribu kusogeza mguu, konda akanikemea: "Kaka, songa hapo, huyo sato hang'ati!" Kila dereva alipokanyaga breki, ndoo iliinama kidogo, kwa adabu, ikamwaga ndani ya kiatu changu cha kushoto. Kiatu hichohicho kila mara. Mama akaona, akanipa pole, akainamisha ndoo upande wa pili, ikawa zamu ya abiria mwingine. Tulipokaribia mjini konda akatangaza mwisho wa gari, kumbe suka kaona foleni na kaamua kugeuza. Hapo ndipo abiria wote tukawa ndugu: tulisimama mlangoni tukidai chenji kwa sauti moja. Kazini nilipoingia, mwenzangu alinusa hewa, akaniuliza kwa furaha kama leo nimeleta mboga.

Siku ya kuhamia, gari la mizigo liliishia bondeni. Dereva aliuangalia mlima, akaniangalia mimi, akataka alipwe kabla ya kushusha. Vijana wa kubeba walipandisha kitanda bila neno. Kabati ndilo lililotutoa jasho: lilifika kwenye kichochoro kati ya majabali mawili, likakwama, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Kila aliyekuja nyuma yetu alisimama kwanza kutoa ushauri. Mzee mmoja alituambia kwa utulivu kwamba hapo kabati halijawahi kupita. Wenyeji hupandisha mbao, na fundi huliunganishia juu. Tulilifungua misumari palepale njiani, milango ikabebwa na watoto waliokuwa wanatoka shule.

Juni 19, 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi, pale tulipokuwa tukisubiri kivuko hadi muwa uishe mkononi. Sasa basi linavuka ghuba ile kwa dakika chache mno. Nikishuka kwenye basi hilo, kutoka kituoni hadi mlangoni kwangu natumia muda mrefu kuliko nilioutumia kuvuka ziwa.

Halafu akaja mama mkwe, na meli ya usiku kutoka Bukoba, ana mkungu wa ndizi. Adabu ya ukwe hairuhusu mama abebe na wewe upo, basi nikajitwika. Katikati ya mlima alikuwa keshanipita. Akageuka, hata hahemi: "Baba Neema, pumzika, hizo ndizi haziozi leo."

Nilipofika juu nilimkuta uani, amesimama mbele ya jabali letu, lile tunaloanikia dagaa na sare za shule, linalokula nusu ya uwanja.

"Na hili mnalilipia kodi?" akamuuliza mwanawe.

"Limo humohumo, mama."

"Basi na lenyewe lifanye kazi." Akaomba kisu, akaketi juu yake, akaanza kumenya.