Sifa za Joto la Behewani

Joto la Oktoba limeshasingiziwa mengi, na kubwa kuliko yote ni kwamba linaharibu safari ya treni kutoka Tabora kwenda Kigoma. Wanaosema hivyo ni watovu wa shukrani. Kiangazi kinapofikia ukingoni, jua la Tabora likigonga nyuzi 32 na mvua haijadondosha hata tone, miyombo na mitundu huchipua majani mapya, nayo hutoka mekundu kama shaba kabla ya kugeuka kijani. Mti haungoji mawingu. Hutumia akiba yake ya maji na kujivika mapema. Msafiri mwerevu anayekwenda Julai, kwenye ubaridi, hupata raha yake yote pamoja na vijiti vikavu na moshi wa nyika inayoungua.

Itasemwa kwamba Wanyamwezi, walioijua njia hii kabla Mjerumani hajafikisha reli Tabora mwaka 1912, walilikwepa jua: msafara uliondoka alfajiri, na adhuhuri mizigo ilikuwa imeshatuliwa. Ni kweli, lakini mpagazi alikuwa na pembe ya ratili 70 begani na safari ya miezi kwenda Bagamoyo. Abiria wa leo ana kikapu tu, na joto linamfanyia kazi bila ujira: linamfungulisha dirisha. Hapo ndipo safari inapoanza. Treni ikisimama, mkono wa muuza maembe unapenya hadi kifuani. Embe lina uvuguvugu wa jua, maji yake yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na watu wasiojuana wanaazimana kisu. (Miembe yenyewe ni urithi wa misafara, iliyoiacha kila ilikopita.) Baridi haina uwezo huo; kwenye baridi kila mtu na shuka lake.

Na treni ya umeme, iliyofika Dodoma mwaka 2024 na viyoyozi vyake? Sina ugomvi nayo: inawahi, na shati halinati mgongoni. Ila kioo chake hakifunguki, na nchi inayopita nyuma ya kioo haina harufu wala haiuzi embe. Behewa kuukuu, kwa upande wake, linatokota pale Urambo, viatu vimevuliwa, kanga zimegeuzwa vipepeo, na anayelilaani joto kuliko wote ndiye aliyegombania kiti cha dirishani.