Sifa za Kidude cha Bluetooth

Wafalme wamesifiwa vya kutosha, na Bluetooth yenyewe ilipewa jina la mfalme, Harald wa Denmark wa karne ya 10. Leo nimsifu mtumishi wake: kile kidude cha plastiki chenye taa ya buluu, kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara katika magari ya mji wetu wa Baraka. Hakidai mshahara wala chai. Hupokea wimbo kutoka kwenye simu ya dereva, hujifanya kituo cha FM, na redio ya gari, ambayo Bluetooth haiijui kabisa, hudanganyika ikaimba.

Uvumilivu wake ni wa mtakatifu. Magari yetu mengi, haya ya usukani wa kulia, yametoka Japani, na redio za Kijapani za zamani huishia megahezi 90. Kidude nacho huanzia 87.5. Basi nyimbo zote za dunia hubanana kwenye upenyo huo, pamoja na za kila gari linalopita. Ndiyo maana yakipishana mawili pale Mboko, kwaya ya huku huingia ghafla katika rumba ya kule. Mhubiri gani amewahi kuwafikia wenye dhambi kwa wepesi huo?

Wenye wivu husema kinakwaruza. Mikwaruzo ni ya barabara ya Uvira; chenyewe kinaifuatisha tu.

Lakini sifa yake kuu ni uwazi. "Mario" ya Franco, ya mwaka 1985, ina zaidi ya dakika kumi, na ndani ya gari ni nadra ifike mwisho. Katikati simu huita, na kidude, kisichojua kuficha jambo, humleta mpigaji kwenye spika zote. Gari zima linamsikia anayedai, linasikia na kiasi, kisha linamsikia dereva akiapa kuwa yuko Lubumbashi, ilhali Nundu hii hapa dirishani. Mahakamani mashahidi hutafutwa. Hapa wamelipa nauli wenyewe.

Anayetaka kimya apande boti, avuke ghuba kwenda Ubwari, ila asiketi karibu na nahodha, kwani naye huenda ana spika yake. Sisi tunaobaki barabarani tuna ombi moja kwa madereva wetu: jamani, lipeni madeni kabla ya kuwasha gari.