Barua ya Wazi kwa Watabiri wa Soko la Mafuta

Kwa: Shirika la Kimataifa la Nishati, Paris
Nakala: OPEC, Vienna

Waheshimiwa,

Sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio mbali, hasa inapokaribia siku ya kutoa ripoti ya mwezi.

Pokeeni kwanza pongezi kwa kazi yenu ya mwaka 2024. Ulipoanza, Vienna walisema matumizi ya mafuta duniani yangeongezeka kwa mapipa milioni 2.25 kwa siku. Nyinyi Paris mkasema milioni 1.24. Dunia moja, mwaka mmoja, na kati yenu pengo la mapipa milioni moja kila kukicha. Mafundi wawili wakikadiria saruji ya ukuta uleule, mmoja akasema mifuko 20 na mwenzake 40, hapa kwetu mmoja wao hakosi kulala njaa. Nyinyi mnaalikwa wote mikutanoni, tena mnakaa mbele.

Kilichonivutia zaidi ni hiyo 25 baada ya nukta. Watu wanaopishana kwa milioni nzima, kumbe wako makini na elfu hamsini za mwisho! Na mwaka ulipokwisha, hesabu za Paris zikaonyesha ongezeko lisilofika milioni moja, za Vienna takriban milioni moja na nusu. Yaani hata jana ilikuwaje hamjakubaliana, ila 2050 mnaijua.

Sikatai, kazi ni ngumu. Mafuta yakipungua kidogo tu sokoni bei hupaa, maana mwenye daladala hawezi kutia maji kwenye tangi akisubiri kisima kipya, na kisima chenyewe huchukua miaka. Yakizidi kidogo, huporomoka. Mei 2008 wachambuzi wa benki ya Goldman Sachs walisema pipa linaweza kufika dola 150 hadi 200. Julai likagusa 147, wakaonekana manabii. Desemba lilikuwa chini ya 40. Kisha ikaja tarehe 20 Aprili 2020: korona imefungia watu ndani, matangi ya Cushing, Oklahoma, yanakaribia kujaa, na mkataba wa kupokea huko, mwezi Mei, mafuta ghafi ya Marekani ukafunga siku kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Mwenye mafuta anamlipa mnunuzi ayaondoe! Sijasikia kituo cha Dar es Salaam kilichomlipa dereva wa bodaboda ajaze tangi.

Sisi hungoja Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wasimamizi wetu wa nishati na maji, watangaze bei kikomo ya mafuta. Wao hawatabiri, hukokotoa kutokana na bei zilizokwisha kutokea. Ni kazi isiyo na mialiko ya Davos.

Ombi langu la kwanza: kila ripoti ichapishe, ukurasa wa kwanza, utabiri wa mwaka jana na kilichotokea, kwa herufi kubwa zilezile za utabiri mpya. Wino nitachangia.

La pili ni la haraka. Mwaka 2023 Paris mlisema mahitaji ya mafuta yatafika kilele kabla ya 2030. Mwaka uliofuata Vienna wakasema yatazidi kupanda hadi 2050. Nasi, Uganda na Tanzania, tumeingia kwenye bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, tena la kupashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta yale huganda. Bomba kama hilo hulipiwa kwa miongo. Tafadhali kaeni pamoja, hata kwa chai, mtuandikie jibu moja lenye sahihi mbili. Nakala ipelekwe kwa benki zilizotoa mkopo.

Wenu,
Mlipa nauli, Dar es Salaam