Mfuniko Usifunguliwe

Ukitaka kujua ni nani katika ukoo wenu aliyezaliwa bila subira, nunua kidari cha ng'ombe, kitie ndani ya pipa la makaa asubuhi na mapema, lifunike, kisha tangaza kwamba halitafunguliwa hadi saa kumi jioni. Kufikia saa tano orodha itakuwa imekamilika. Shemeji atakuja kuangalia kama moto haujazima. Mjomba aliyefika jana kutoka Nairobi atapita hapo akinyoosha miguu, na kwa sadfa tu atakuwa na kisu mkononi. Watoto hawatauliza kitu. Watasimama wakilitazama bomba la moshi mpaka uone haya wewe mwenyewe.

Hapa Kanyakine nimechoma nyama kwa moshi muda wa kutosha, ndani ya pipa la bei ya chini kabisa, na msimamo wangu ni huu: pipa rahisi halina kosa ambalo udongo hauwezi kuliziba. Watu ndio hawazibiki.

Lawama nazo si zao peke yao. Ni za malezi. Nyama choma tuliyokulia nayo ni jambo la hadharani. Moto uko wazi, nyama iko juu ya wavu, na kila apitaye ana haki ya kuigeuza, kuibonyeza kwa kidole na kutoa maoni kuhusu chumvi. Kuonja si wizi, ni kushiriki. Sasa mtu aliyelelewa hivyo unamwambia kwamba mle ndani ya chuma mna nyama inayoiva kwa hewa ya moto tu, nyuzi 110 hadi 120, mbali na miali, kwa saa sita, nane, hata kumi, na kwamba kila akiinua mfuniko joto lote linatoka na pipa linaanza safari upya. Anakuitikia vizuri sana. Ukienda msalani, anainua.

Pipa lenyewe lilitoka kwa fundi wa kuchomelea mwenye kibanda kando ya barabara ya Meru kwenda Embu, mtu ambaye ukimchorea ndege kwenye kipande cha katoni atakuuliza tu unaitaka ya rangi gani. Nilimuuliza pipa lilikuwa na nini kabla ya kuwa langu.

"Mafuta," akasema.

"Mafuta gani?"

"Ya gari. Ama ya kupikia." Akalichungulia ndani. "Lakini ni mafuta."

Kwa hiyo siku ya kwanza pipa la aina hii halipiki chochote. Linawashiwa moto mkali wa kuni mpaka rangi ibanduke ndani na nje, linasuguliwa kwa brashi ya waya, linapakwa mafuta ya kupikia, kisha linapashwa tena hadi liwe jeusi na kung'aa. Pipa lililowahi kubeba dawa ya kunyunyizia kahawa likataliwe hata ukipewa bure na soda juu yake. Na chuma kilichopakwa zinki kisikaribie moto, kwa kuwa zinki ikipata joto kali hutoa mvuke wa sumu. Haya yote nilimweleza fundi wangu, naye akasikiliza kwa adabu huku akikoroga rangi ya fedha aliyonuia kuipaka ndani ya pipa, "ili nyama ijione."

Asije mtu akadhani kukatakata mapipa ni aibu ya kijijini. Mwaka 1952 George Stephen, mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers kule Chicago, alichoshwa na upepo uliokuwa ukimharibia nyama, akachukua boya la chuma, akalikata nusu kwa nusu, akatia miguu chini na mkono juu. Ndilo jiko la Weber ambalo leo linauzwa duniani kote, na ukiona bei yake utarudi kulikumbatia pipa lako. Kwangu mimi huyo alikuwa fundi wa jua kali kamili. Ni vile tu Chicago jua lenyewe si kali.

Tofauti ni kwamba mfuniko wake ulikaa. Wetu una upande unaocheka. Na siri ya pipa la moshi, ukiondoa mbwembwe zote, ni hewa: mlango mmoja chini wa kuingilia, bomba moja juu la kutokea, na wewe ukiamua kila mlango ufunguke kiasi gani. Upenyo mwingine wowote unaingiza hewa usiyoihesabu, makaa yanachangamka, na nyama uliyoikusudia jioni inakuwa soli ya kiatu kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeanza kuulizia bei ya kamba zile za kuzuia moto zinazowekwa kwenye milango ya majiko ya viwandani, mama yangu akatoka jikoni, akatazama, akaenda shambani kando ya migomba, akarudi na tonge la udongo mwekundu. Udongo wetu wa miteremko ya Mlima Kenya unashika. Waulize wanaoendesha pikipiki hapa mwezi wa kumi na moja. Akaukanda kwa maji na majivu, akapaka ule mdomo unaocheka. Gharama: sifuri.

Kisha akayatazama makaa. Nilikuwa nimeyawasha yote kwa pamoja na kuyapepea mpaka yakawa mekundu, kama tunavyofanya sote kwenye jiko la chai.

"Mwanangu, hayo makaa unayakimbiza wapi?"

Waamerika wana njia yao ya kutandaza makaa mabichi na kuweka machache yaliyowaka juu yake, ili moto utambae polepole kutoka kipande hadi kipande. Wameipa jina la Jim Minion, aliyeieneza. Mama amefukia makaa kwa majivu kila usiku wa maisha yake ili asubuhi asiombe moto kwa jirani, na hakuna aliyewahi kuipa njia hiyo jina lake. Tena yeye alijua habari ya mlango wa hewa kabla yangu. Lile jiko la bati lenye kiuno chembamba na udongo ndani, lililosambaa Kenya tangu miaka ya 1980, lina kidirisha chini, na kila mtoto aliyetumwa kuchemsha maharagwe alifundishwa kukifunga nusu maji yakishachemka. Elimu yote ya pipa la moshi imo katika kile kidirisha. Tuliisoma, tukafaulu, tukaisahau.

Kipimajoto nacho kina kisa chake. Ndugu yangu alinunua kimoja cha mviringo mjini, cha kupigwa skrubu mfunikoni, kinachong'aa kuliko pipa zima. Kabla ya kukiamini chochote cha aina hiyo, kichovye katika maji yanayotokota. Huku kwetu, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Chetu kikasema 120. Basi hatukukitupa, tunakisoma kwa kutoa 25, namna tunavyozisoma ahadi za uchaguzi. Chini ya nyama linakaa karai la maji, ambalo kazi yake ni kuzuia joto lisipande na kushuka ovyo, maana maji hayapiti kiwango chake cha kuchemka hata makaa yafanye fujo vipi. Shemeji alipoinua mfuniko siku moja na kuliona, alifurahi kwamba kuna mtu aliyemfikiria, akaosha mikono.

Makaa yenyewe siku hizi hayana mzaha. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mwezi Februari 2018, nimeyaheshimu magunia kwa namna mpya, na hata baada ya marufuku kulegezwa mwaka 2023 sijaona yale ya zamani, yaliyorundikwa kofia juu mpaka yakafungwa kwa vijiti. Pipa lililozibwa vizuri lina faida hapo: linakula makaa kidogo kuliko choma ya wazi. Ila chagua vipande vikubwa na vigumu. Vumbi la chini ya gunia huziba hewa, na moto wake ni wa manung'uniko.

Kwa moshi, bahati ya Kanyakine ni kahawa. Tawi la mbuni lililokatwa wakati wa kupogoa, likakauka vizuri, linatoa moshi mtamu usiotawala. Nyumbani tuna mibuni mikongwe iliyong'olewa kupisha Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985, na Batian, iliyofuata mwaka 2010. Meru ilikuwa kati ya sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, baada ya walowezi kuifanya mali yao peke yao kwa muda mrefu. Kwa hiyo nikiweka gogo la mbuni juu ya makaa nahisi ninachoma kitu kilichopiganiwa, na ninaweka moja tu. Mparachichi nao unafaa. Mkaratusi na saipresi, hapana: mafuta na utomvu wake huacha nyama na ladha ya dawa ya kikohozi. Mukima, ile grivelia iliyopandwa kwenye kila mpaka wa shamba huku, ukiwa mbichi hauchomi kitu ila macho.

Mukima mbichi ndio uliotuletea majirani. Mjomba aliona moshi ni mwembamba, wa buluu, unaoonekana kwa shida, akahukumu kwamba pipa limezimika. Huo mwembamba ndio unaotakiwa. Ule mzito mweupe ni wa kuni zisizoungua vizuri na huacha masizi machungu. Mjomba hakuwa na habari hizo. Akaongeza kuni kwa moyo mmoja. Baada ya muda mfupi kijiji kizima kiliona nyumba yetu inateketea, na watu wa Kanyakine, Mungu awabariki, hawaulizi mara mbili. Walikuja na mitungi, na ndoo, na mmoja na ngazi. Nilisimama mbele ya pipa nikiwa nimenyoosha mikono kulikinga na maji. Walipoelewa hakuna moto hawakuwa na kinyongo, wakaketi. Nyama iliyokusudiwa watu wa nyumbani ikagawanywa kwa kikosi cha zimamoto.

Mtihani mkubwa huwa mchana. Nyama inapanda joto vizuri, inafika nyuzi 65 au 70 katikati, kisha inasimama. Saa moja, saa mbili, haisogei. Kinachotokea ni kwamba maji yanatoka ndani na kukauka juu ya uso wake, yakiipoza kwa kasi ile ile ambayo pipa linaipasha, kama jasho linavyompoza mtu anayelima. Wageni hawataki fizikia. "Nyama imegoma," mjomba alitangaza, na mara kukawa na kamati. Mmoja alipendekeza makaa zaidi, mwingine kukatakata vipande, wa tatu sufuria na nyanya. Wanaoujua mgomo huu huiacha nyama iendelee kutoa jasho mpaka imalize, au huifunga kwa karatasi ya foili na kuirudisha. Kidari hulainika kikikaribia nyuzi 93 hadi 95, pale kano zilizokigandamanisha zinapoyeyuka kuwa ute. Kabla ya hapo unatafuna kamba. Ng'ombe wetu wa kulisha majani hana shahamu nyingi, kwa hiyo upande wenye mafuta ukae juu, na nyama ikitoka ipumzike imefunikwa kabla ya kisu.

Ikaja siku ya sifa. Nilikata, na ndani ya ule ukoko mweusi pakaonekana utepe wa waridi.

"Mbichi," akasema mjomba.

Nikamweleza kwamba ni hewa za moto zilizoshikana na rangi ya nyama yenyewe, kwamba huo utepe ndio kiburi cha wachomaji wa moshi popote walipo. Akanitazama kwa huruma, akachukua kipande chake, akakiweka kwenye jiko la pembeni mpaka kikawa kijivu pande zote, akala kwa amani. Mama alionja, akatafuna kwa muda, akasema imelainika. Kisha akaongeza, "Miaka arobaini nimepika kwenye moshi nikilia, mkaninunulia gesi. Na leo mnatafuta moshi kwa pesa?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Ninachojua ni kwamba alirudi kuongezewa. Tena alisimamia jambo moja bila kupingwa: pipa linalala nje. Makaa yaliyofukiwa yanaendelea kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na baridi ya Julai haijawahi kuwa sababu ya kutosha ya kuyaingiza ndani ya nyumba.

Limebaki ombi, nalo ni kwa wenye bucha, kuanzia Nkubu hadi Igoji. Mteja akisema anataka kidari kizima, anamaanisha kizima. Yule ninayemnunulia huuliza, "Nisikate? Kwani unakipeleka maonyesho?" huku shoka tayari liko hewani, na nimepoteza vidari vizuri kwa mazoea ya ule mkono. Tupimieni kwa kilo, tuongezeeni mfupa wa supu mkipenda, lakini shoka likae chini. Kukata tutakata wenyewe, saa kumi jioni.